Mtengenezaji Asifungue Mdomo

Mtaa mzima hakuna mtu aliyecheza michezo mingi ya kompyuta kunishinda mimi, na ushahidi ninao, darasa zima. Kushinda ndiko sijawahi. Nimeanguka mashimoni, nimeliwa na mamba, nimegongwa na treni iliyosimama. Treni iliyosimama inamgongaje mtu? Waulizeni wale watoto. Mmoja alicheka mpaka akaomba ruhusa ya kwenda chooni.

Mambo yenyewe yalianza kwa ufunguo. Mjukuu wangu ninayeishi naye, binti wa mwanangu wa kwanza, ni mwalimu. Shule zilipofunga kwa likizo ndefu, walimu wenzake walikwenda kupumzisha koo, yeye akaomba ukumbi awafundishe watoto kutengeneza gemu. Si kucheza, kutengeneza. Kucheza, alisema, hawahitaji mwalimu, wanahitaji mtu wa kuwazuia. Asubuhi ya kwanza akausahau ufunguo wa ukumbi mezani. Nikajikokota kumpelekea, nikakuta watoto wamejipanga mlangoni kama wanaongoja chanjo. Alipofungua, nami nikaingia nipumzishe magoti. Nilitoka likizo ilipokwisha.

Msidhani nilibakizwa kwa akili zangu. Nilibakizwa kwa sababu sikuwa nazo. Mwalimu (humo ukumbini nami nilimwita Mwalimu, ingawa makamasi yake nimeyafuta mimi) aliandika ubaoni neno KAMA, na chini yake neno BASI. Kama mvua inanyesha, basi fungua mwavuli. Kama mchezaji amegusa moto, basi mpunguzie roho moja. Ndivyo mtu anavyozungumza na kompyuta, alisema.

"Kompyuta ni mtiifu kuliko mtu yeyote mliyewahi kumwona, na hiyo ndiyo shida yake. Inafanya ulichosema, haifanyi ulichotaka. Bibi, hebu simama hapa. Leo wewe ni kompyuta."

"Mimi?"

"Kompyuta haiulizi."

Watoto wakaambiwa wanifikishe dirishani kwa maneno tu, bila kunigusa. Mvulana mmoja mwenye koo la mnadani akapaza sauti, "Nenda mbele!" Nikaenda mbele. Nikapita madawati, nikapita feni, nikafika ukutani, na kwa kuwa hakuna aliyesema vinginevyo, nikaendelea kukanyaga papo hapo, pua kwenye chokaa, miguu kwata.

"Bibi, basi! Simama!"

"Neno hilo ndiyo kwanza nalisikia," nikamjibu, uso bado ukutani.

Yule wa koo la mnadani wenzake walimwita Redio. Jina lilimkaa, maana hana kitufe cha kuzimia. Mimi nikamwita mume wangu kuanzia siku hiyo, naye akawa akinisikia anajificha chini ya meza.

Basi nikapata kazi ya mjaribu. Mchezo ukishaanza kuchezeka, lazima auguse mtu ambaye hajawahi kuuona, na vizuri zaidi akiwa hajawahi kuona mchezo wowote tangu azaliwe. Nani mwingine? Nilikaa kwenye kiti cha mbele, miwani puani, vidole juu ya mishale minne ya kibodi, na mtoto aliyetengeneza akasimama pembeni yangu. Hapo ndipo penye sheria. Mtengenezaji hafungui mdomo. Haruhusiwi kusema ruka, wala kushoto, wala hata pole Bibi. Kazi yake ni kutazama mahali mchezaji anapokwama.

"Mtu akiucheza mchezo wako kwake, wewe hutakuwepo kumnong'oneza," Mwalimu aliwaambia. "Unachotaka kusema, kiseme ndani ya mchezo. Kilichobaki, kimeze."

Jamani, niliwaona watoto wakiteseka. Msichana mmoja alikuwa akisimama kwa mguu mmoja kila ninapokaribia shimo. Redio, zamu ya mchezo wake ilipofika, alitafuna ukosi wa shati lake mpaka ukalowa, nami nikiwa pale pale kwenye mlango ambao ulifunguka kwa kuusukuma, naugonga kistaarabu nikingoja nikaribishwe.

Sasa nifike kwa huyu niliyetaka kuwasimulia.

Kompyuta ya mwisho, karibu na swichi ya feni, ile ambayo kitufe chake kirefu kilikuwa kinanata kama kimemwagiwa soda (na kilikuwa kimemwagiwa soda), alikaa msichana mwembamba mwenye penseli nyuma ya sikio. Penseli ya nini kwenye kompyuta? Yeye alichora kila kitu kwanza karatasini, halafu ndipo akakihamishia kwenye skrini. Kwa hiyo jina lake likawa Penseli. Alikuwa wa kwanza kuelewa jambo na wa mwisho kusema ameelewa. Wenzake wakikwama, walimwita kwa ishara, naye alikwenda, akatazama, akabonyeza mara chache, akarudi kwake kama mtu aliyekwenda kuzima taa.

Mama yake tulimzika sisi sote wa mtaani. Baba yake ni fundi umeme, mtu mpole, akishika waya anaongea nao. Alikaa na ujane wake mpaka tukamzoea hivyo, halafu akaoa mwanamke anayeoka mikate pale nyuma ya zahanati. Mwanamke mrefu, aproni nyeupe, kofia ya wavu kichwani, unga mpaka kwenye kope. Penseli hakumkosea adabu hata siku moja. Akitumwa anakwenda, akisalimiwa anaitikia. Ila jina hakumpa. Ukimwuliza, "Nani amekusuka vizuri hivi?" anakujibu, "Yeye." Nani amekushonea begi? Yeye. Mama hakumwita, wala mama mdogo, wala shangazi, wala mwoka mikate. Yeye tu, kama mvua.

Mchezo wa Penseli ulikuwa nyumba ya ghorofa. Ndani yake kuna msichana amembeba paka, na anatakiwa ampandishe ngazi kwa ngazi mpaka juu darini. Rafu za nyumba hiyo zimelegea, zinaangusha sahani na sufuria, na sahani ikikuangukia unapoteza roho. Vilevile mna zimwi linalomfuata msichana chumba hadi chumba. Zimwi lenyewe ni refu, jeupe pe, limevaa aproni, na kichwani lina kofia ya wavu.

Mwalimu aliliona siku alipopita nyuma yake. Aliendelea hadi dirishani, akaanza kufuta vumbi ambalo halikuwepo.

Jioni tulikaa uani tukichambua mchele.

"Bibi, umeliona zimwi la Penseli?"

"Nimeliona. Kesho nitanunua mkate kwa zimwi hilohilo, sijui nitaliangalia kwa jicho gani."

"Unajua siku ya kufunga wachezaji ni wazazi. Kila mzazi anacheza mchezo wa mwanawe, na ukumbi wote unaona, maana picha inatupwa kwenye shuka kubwa ukutani. Yule mama atakaa kwenye kile kiti, ajione mwenyewe anamwinda mtoto. Mbele ya mume wake. Mbele ya wateja wake."

"Akishajiona hivyo hatarudi kumfuata mtoto tena."

"Ndicho ninachokiogopa. Ataacha kujaribu."

"Basi mwambie mtoto abadilishe."

Akatupa kijiwe kutoka kwenye ungo. "Nikimwambia atabadilisha. Ni msikivu. Atalipaka kijani, atalipachika pembe, lakini moyoni litabaki jeupe. Niliwaahidi siku ya kwanza kwamba mchezo ni wao na uamuzi ni wao. Nikiingiza mkono mara moja tu, hawataniamini tena, na yeye ndiye hataniamini zaidi."

"Basi mama asije."

"Ukamwambie wewe."

"Nitamwambia."

Akanitazama kwa lile jicho alilorithi kwangu. "Utamwambia nini?"

"Kwa umri wangu huu nisijue la kusema?"

Nilikuwa nimeshapanga. Nitamwambia siku ya kufunga imeahirishwa, umeme una hitilafu. Uongo wa umeme kwa mke wa fundi umeme, mnaona nilivyo na busara. Asubuhi nikashika kikapu, nikaenda.

Dirisha la kuuzia mikate lilikuwa wazi lakini hakuna mtu. Nikachungulia ndani. Yule mwanamke alikuwa ameinama juu ya meza ya kukandia, amenipa mgongo, na nikadhani anakanda. Wapi! Juu ya unga uliotandazwa mezani alikuwa amechora kwa kidole mishale minne, mmoja juu na mitatu chini, vilevile inavyokaa kwenye kibodi. Alikuwa ameweka vidole vyake juu ya mishale hiyo, anaibonyeza huku ananong'ona, "Kulia. Kulia. Juu. Kushoto. La, kulia."

"Hodi," nikasema.

Akashtuka, akaifuta ile mishale kwa kiganja. "Karibu, Bibi! Nilikuwa... nilikuwa naangalia unga."

"Ukoje?"

"Mzuri." Kisha akacheka, akajifuta paji la uso na kulipaka unga zaidi. "Bibi, wewe si ndiye mjaribu? Niambie ukweli, ni kitu kigumu? Sijawahi kubonyeza kompyuta. Nimebadilishana zamu na mwenzangu ili nije siku ile. Nikimharibia mtoto mchezo wake mbele ya watu, itakuwaje? Nilimwuliza ametengeneza nini, akasema nyumba. Nikamwuliza ndani ya nyumba kuna nini, akasema watu. Nikafurahi mimi. Angalau kuna watu."

Ule uongo wangu wa umeme ulinikauka mdomoni.

"Vaa viatu vya kukaza," nikamwambia, kwa kukosa la kusema. Nikanunua mkate, nikaondoka, chenji nikaiacha.

Nilipofika ukumbini, Mwalimu aliniuliza kwa macho. Nikamjibu kwa mabega. Anakuja.

Siku hiyohiyo ikafika zamu ya mchezo wa Penseli kujaribiwa. Nikakaa kwenye kiti cha mbele. Yeye akasimama pembeni, mikono nyuma, penseli sikioni. Darasa zima likasogeza viti, maana Bibi akicheza huwa ni tamasha.

Nikamchukua paka jikoni. Nikapanda ngazi ya kwanza baada ya kuigonga kwa goti mara kadhaa. Sahani ikaanguka, nikafa. Nikarudi, sufuria ikaanguka, nikafa. Nikiwa na roho ya mwisho, mlango ukafunguka na zimwi likatokea, refu, jeupe, linakuja moja kwa moja.

"Uwiii," wakasema watoto.

Nilitaka kukimbia. Kwa hofu nikabonyeza mshale usio wenyewe, nikalikimbilia. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua bado nilikuwa hai. Zimwi lilikuwa limesimama kando yangu kama mtu anayengoja foleni ya maji. Juu rafu ikatikisika, sahani ikashuka, ikaligonga zimwi kichwani, ikaruka kando. Sufuria nayo, nayo ikaruka kando. Vitu vyote vya nyumba ile viliporomoka juu ya zimwi hilo na mimi na paka wangu tulikuwa chini yake, wakavu kama walio chini ya paa.

"Ha!" nikasema. "Nimepata mahali pa kukaa."

Nikasogea, likasogea. Nikapanda, likapanda nyuma yangu. Kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa kwangu nilifika mwisho wa mchezo. Darini! Watoto wakapiga makofi, Redio akapanda juu ya kiti, na mimi nikaomba nipigwe picha na yule paka.

Nilipogeuka, Penseli hakuwa amepiga makofi. Alikuwa ametumbua macho. Mdomo aliufunga kama sheria inavyotaka, ila ulikuwa unatetemeka kwa yale uliyoyafungia.

"Mchezaji amemaliza," Mwalimu alisema taratibu. "Sasa unaweza kusema."

"Imekosea," akasema Penseli. "Lilitakiwa likuue."

"Pole," nikamwambia.

Mwalimu akavuta kiti. "Hili zimwi ulilitengenezaje?"

"Nilikuwa sitaki kuanza upya. Nilinakili ukuta, nikaubandika, nikabadilisha picha. Halafu nikauambia ufuate mchezaji."

Mwalimu akawageukia wote, maana kosa la mmoja lilikuwa somo la wote. "Mmeelewa kilichotokea? Ukinakili kitu hunakili sura peke yake. Unachukua na amri zake zote zilizomo ndani. Ukuta wetu una amri gani? Kitu kikiuangukia, kinaruka kando. Na ukuta haupunguzi roho ya mtu. Kwa hiyo hilo mnaloliona kwa nje ni zimwi, kwa ndani ni ukuta. Ukuta unaotembea."

"Nalirekebishaje?" Penseli aliuliza, ingawa nadhani alikwisha jua.

"Unafuta amri za ukuta, unaweka za adui. Kazi ya dakika. Au unaliacha. Mchezo ni wako."

"Nitarekebisha," akasema.

Wakati wa mapumziko nilimkuta kwenye vidaraja vya nje, anachora kwenye goti. Nikakaa karibu naye, magoti yangu yakalia kama mlango.

"Mimi zimwi lako nimelipenda," nikamwambia. "Lingeachwa hivyohivyo."

"Wewe huishi nalo, Bibi."

Hapo alinipata. Tukaangalia watoto wakikimbizana. Kisha, bila kuniangalia, akaanza kusema, na kwa Penseli ilikuwa ni kama bomba lililoziba linapokohoa.

"Ananifuata. Nikienda uani yupo. Nikisoma anakuja kupangusa meza, meza yenyewe safi. Nikilala anafungua mlango anachungulia, anadhani nimelala. Mama hakuwa ananifuata. Mama alikuwa anakaa tu jikoni, anaimba, mimi ndiye nilikuwa namfuata yeye."

"Ni kweli. Nakumbuka. Ulikuwa unashika sketi yake mpaka imepanuka upande mmoja."

Akatabasamu kidogo, haraka akalificha.

"Lakini mama yako alianza na wewe tumboni," nikasema. "Alipokwenda ulikwenda. Hakuwa na haja ya kukimbia nyuma ya mtu. Huyu amekukuta tayari una miguu yako miwili, tena mirefu. Unataka afanyeje zaidi ya kukimbia?"

Alichora ngazi, akaifuta, akachora tena. Kengele ikalia, akanishika mkono kunisaidia kuinuka. Nilifikiri nimesema maneno mazuri sana. Alipofika mlangoni akageuka: "Lazima nirekebishe tu, Bibi. Mchezo usio na adui hauna maana." Basi, maneno yangu mazuri hayo.

Siku ya kufunga, ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mwalimu alikuwa amebandika shuka letu la kitanda kikubwa ukutani, lile lenye kiraka, na michezo ikawa inaonekana juu yake mikubwa kama nyumba, kila mmoja ukiwa na kiraka katikati. Wazazi waliitwa mmoja mmoja. Baba mmoja, daktari wa meno, alikufa kwenye ngazi ya kwanza. Mama yake Redio alicheza huku anaongea mfululizo, tukajua mtoto alikotoa. Kila mara Mwalimu alikumbusha: "Watengenezaji, sheria mnaijua."

Fundi umeme aliingia na mkewe mchezo wa tatu ukiendelea. Mke alitoka moja kwa moja kazini. Alikuwa amekimbia, aproni bado kiunoni, kofia ya wavu bado kichwani, amesahau. Watoto walipomwona wakaacha kupumua. Redio akafungua mdomo, "Zi..." nikamminya paja.

"Mume wangu," nikamnong'oneza, "leo ukisema neno nakupa talaka."

Penseli akaitwa. Akaja mbele, akawasha mchezo wake, akasimama pembeni mikono nyuma. Uso wake haukusema kitu. Sikujua kama amerekebisha au vipi. Mwalimu naye hakujua, nilimwona akikunja ncha ya nguo yake.

"Cheza wewe," fundi umeme alimwambia mkewe. "Mimi nitashika waya."

Mwanamke akakaa. Akaweka vidole juu ya mishale bila kuitafuta, moja kwa moja, kama mtu anayejua njia ya kwao gizani, na ni mimi peke yangu niliyejua amejifunzia wapi. Akamchukua paka. Akapanda ngazi ya kwanza. Sahani ikamwangukia, roho moja ikaenda, akasema, "Samahani, mwanangu," na Penseli akameza mate. Akapanda tena. Mlango ukafunguka.

Zimwi likasimama juu ya shuka, refu kutoka sakafuni hadi darini, aproni nyeupe, kofia ya wavu. Na chini yake, kwenye kiti, ameketi mwenyewe.

Vidole vikasimama.

"Huyu ni mimi?" akauliza.

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anavyouliza kama hapa pana mtu amekaa. Lakini wa kumjibu ni mmoja tu, naye alikuwa amefungwa mdomo na sheria. Mwalimu alitazama dirisha. Fundi umeme alitazama waya. Ukumbi mzima ulijua, na ukumbi mzima ulinyamaza.

"Aa," akasema. "Ni mimi."

Akajifuta kiganja kwenye aproni, polepole, upande huu na upande ule. Nikadhani anainuka. Nikafikiria njia ya kutoka humo mpaka nyuma ya zahanati, na jinsi anavyoweza kuitembea peke yake. Lakini akarudisha vidole mahali pake.

"Basi nifanyeje? Nimkimbie?"

Zimwi lilikuwa linashuka ngazi kumfuata.

Hakukimbia. Sijui ni ukaidi, sijui ni kwamba hakutaka kujikimbia mwenyewe mbele za watu. Alimwacha yule msichana mdogo na paka wake wasimame pale pale. Redio akanishika mkono kwa mikono miwili. Mimi nilifumba jicho moja, lingine nikaliacha lifanye kazi.

Zimwi likafika. Likasimama kando ya msichana. Rafu ikatikisika, sahani ikashuka, ikaligonga kichwani kwenye kofia ya wavu, ikaruka kando. Sufuria ikashuka, ikaruka kando. Msichana yuko chini, hana hata mkwaruzo.

"Kumbe anamkinga," akasema mwanamke.

Akapanda ngazi moja. Halafu akafanya jambo ambalo mimi katika ujaribu wangu wote sikulifanya. Alingoja. Zimwi lilikuwa bado liko chini, linakuja kwa mwendo wake, naye akangoja mpaka likamfikia, ndipo akapanda nyingine, akangoja tena. Alipanda nyumba nzima hivyo, ngazi na kungoja, ngazi na kungoja, vyombo vikimiminika. Hakuna aliyecheka. Fundi umeme alikuwa ameinua kichwa anaikagua feni ya darini, feni ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Walipofika darini wote watatu, msichana, paka na zimwi, watu walipiga makofi mpaka shuka likadondoka upande mmoja.

"Mchezaji amemaliza," Mwalimu alisema, na sauti yake haikuwa nzuri sana. "Penseli, unaweza kusema."

Mwanamke aligeuka kwenye kiti. Waliangaliana. Penseli akainua kidevu.

"Si kwamba nilitaka akukinge," akasema. "Lilikuwa kosa. Nilinakili ukuta. Alitakiwa akuue. Nilijaribu kurekebisha, jana nimekaa nalo mchana kutwa, likanishinda."

"Likakushinda?" Mwalimu akauliza.

"Likanishinda kabisa."

Nikasikia mkono wangu ukiachiwa. Nikajua nimechelewa.

"Likushinde wewe!" Redio akapasua ukumbi. "Si jana umenirekebishia langu? Mimi nami nilinakili ukuta kwenye mamba wangu, hang'ati, ukaja ukafuta, ukaweka, hata kuinuka kwenye kiti sikuwahi! Kosa lilelile! Bibi si ulikuwepo?"

Nilikuwa natafuta miwani yangu, na ilikuwa puani.

Ukumbi wote ukamgeukia Penseli. Alifungua mdomo, akaufunga. Akaitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha sikio la pili. Yule mwanamke alikuwa anangoja, vilevile alivyongoja kwenye ngazi.

"Langu," Penseli akasema akiangalia sakafu, "lilikuwa gumu zaidi."